RNA Zisizosimba Protini na Ukinzani wa Misuli kwa Insulini: Uhakiki wa Ushahidi kwa Jicho la Munuki, Juba

Ikisiri

Makala hii inahakiki hoja kwamba RNA zisizosimba protini, hasa maikro-RNA za ukoo wa let-7 na RNA ndefu iitwayo H19, ndizo zinazoeleza kwa nini misuli huacha kuitikia insulini. Uhakiki unafanywa kwa kuitazama Munuki, katika mji wa Juba, ambako maisha ya wakazi wengi yamepita katika njaa, ukimbizi na hatimaye mji. Makala inajenga madai matatu. Kwanza, ushahidi uliopo haujatenganisha vya kutosha chanzo na matokeo. Pili, vipimo vya RNA katika damu vilivyosanifiwa Ulaya vinaweza kupotosha mahali ambapo malaria na selimundu ni mambo ya kawaida. Tatu, kielelezo cha maradhi kilichotumika, yaani mwili uliononeshwa, huenda si maradhi ya watu wengi wenye kisukari katika eneo letu. Makala inamalizia kwa mapendekezo ya utafiti, sera na istilahi.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1993 maabara mbili za Marekani, moja ya Victor Ambros na nyingine ya Gary Ruvkun, zilieleza kwamba jeni ya mnyoo mdogo iitwayo lin-4 haizai protini, bali huzaa kipande kifupi cha RNA kinachoizuia jeni nyingine, lin-14, isifanye kazi yake. Kwa miaka kadhaa jambo hilo lilionekana kuwa ajabu ya mnyoo tu. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikaeleza let-7, nayo ikabainika kuwa imehifadhiwa katika wanyama wengi, binadamu akiwemo. Mwaka 2024 wataalamu hao wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba.

Kati ya ugunduzi na tuzo hiyo pamejengwa maandiko mengi yanayohusisha RNA za aina hii na karibu kila maradhi ya mwanadamu. Kisukari hakikuachwa nyuma. Sababu inaeleweka: misuli ndiyo ghala kuu linalopokea glukosi kwa amri ya insulini. Katika jaribio la klampi, ambapo mtu hutiwa insulini na glukosi kwa viwango vinavyodhibitiwa, Ralph DeFronzo na wenzake walikadiria kuwa zaidi ya robo tatu ya glukosi inayotoka katika damu huenda misulini. Kwa hiyo, anayeweza kueleza kwa nini misuli huacha kutii insulini anakuwa ameshika sehemu kubwa ya siri ya kisukari cha aina ya pili.

Swali la makala hii ni dogo kuliko hilo, lakini lina uzito wake: maelezo hayo yakifika Munuki yanabaki na thamani gani? Munuki haikuchaguliwa kwa sababu ya maabara zake. Imechaguliwa kwa sababu ya historia iliyomo katika miili ya wakazi wake. Kama sehemu nyingine za Juba, imepokea waliorejea kutoka Khartoum, Uganda na Kenya baada ya mkataba wa amani wa 2005, waliokimbia mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016, na wanaoendelea kurudi tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023. Mkazi mmoja wa makamo anaweza kuwa alitungwa mimba wakati wa njaa, akalelewa kwa mgao wa kambini, na leo anaishi kwa mkate mweupe, chai yenye sukari nyingi na kazi ya kukaa. Nadharia yoyote ya kimetaboliki isiyoweza kuusoma mwili huo inahitaji kuhojiwa kabla haijageuzwa kuwa sera.

2.0 Hoja yenyewe kwa ufupi

Ni haki kuieleza hoja kwa nguvu zake kabla ya kuihakiki. Maikro-RNA za ukoo wa let-7 huzuia utengenezaji wa protini kadhaa zilizomo katika njia ya insulini, kikiwemo kipokezi cha insulini chenyewe. Mwaka 2011 Zhu na wenzake huko Boston walionyesha kwamba panya walioongezewa let-7 walipata ukinzani kwa insulini. Mwaka huohuo Frost na Olson, Dallas, walionyesha kwamba panya waliononeshwa kwa lishe yenye mafuta mengi, wakipewa molekuli ya kuizuia let-7, walirudia uwezo wa kudhibiti glukosi.

Mwaka 2014 Gao na wenzake, kundi lenye makao yake Chuo Kikuu cha Yale, waliongeza mhusika wa pili, H19. Hii ni RNA ndefu isiyosimba protini, ambayo husomwa kutoka nakala ya mama tu. Kwa maelezo yao, H19 ni kama sifongo: hufyonza let-7 na kuipunguzia nafasi ya kufanya kazi. Katika misuli ya watu wenye kisukari cha aina ya pili H19 ilikuwa imepungua. Let-7 ikabaki huru, na njia ya insulini ikadhoofika. Nayo let-7, ikishakuwa huru, huiharibu H19 iliyobaki. Huu ni mduara ambao kila upande humdidimiza mwenzake.

Hoja hii inavutia kwa sababu mbili. Inaunganisha molekuli na ugonjwa kwa hatua zinazofuatika, na inaahidi dawa. Uhakiki unaofuata haukusudii kuibeza. Unakusudia kupima uzito wake.

3.0 Chanzo au matokeo?

Tatizo la kwanza limo ndani ya makala za watetezi wenyewe. Granjon na wenzake, nchini Ufaransa, walionyesha mwaka 2009 kwamba insulini iliyotiwa kwa saa chache tu katika miili ya watu wenye afya ilipunguza maikro-RNA 39 misulini. Gao na wenzake nao waliona kwamba insulini ikizidi ghafla H19 hupungua. Sasa, mtu mwenye ukinzani kwa insulini huwa na insulini nyingi katika damu yake, kwa kuwa kongosho hujitahidi kufidia. Tukimkuta ana H19 kidogo misulini, tuseme upungufu huo umeleta ukinzani, au ukinzani umeleta insulini nyingi na insulini nyingi ikaleta upungufu?

Watetezi watajibu kwamba mduara hauhitaji mwanzo, kila hatua huisukuma nyingine. Jibu hilo ni sahihi kwa fiziolojia lakini halitoshi kwa sera. Mtunga sera anahitaji kujua mahali pa kuukata mduara, na kipimo kilichochukuliwa mara moja, kutoka misuli ya mtu aliyekwisha kuugua, hakiwezi kumwonyesha mahali hapo. Kinachohitajika ni kufuatilia watu wale wale tangu kabla ya ugonjwa, kazi ngumu zaidi kwa kuwa inamaanisha kukata kipande cha msuli wa paja zaidi ya mara moja.

Tatizo la pili ni la hesabu. Sitiari ya sifongo inapendeza, lakini sifongo moja haikaushi ziwa. Ili RNA moja iweze kufyonza maikro-RNA kiasi cha kubadilisha kazi yake, lazima iwepo kwa wingi unaolingana na jumla ya mahali pote ambapo maikro-RNA hiyo hujishikiza ndani ya seli. Denzler na wenzake, katika maabara ya Markus Stoffel huko Zurich, waliihesabu hali hiyo mwaka 2014 kwa maikro-RNA ya ini iitwayo miR-122. Walihitimisha kwamba mabadiliko ya kawaida ya RNA moja hayaelekei kufikia wingi huo. Utafiti wao haukuhusu misuli wala H19, na hauwezi kusemwa kuwa umeipindua hoja ya Yale. Hata hivyo umeweka sharti: anayetumia neno sifongo alete hesabu ya molekuli, ya sifongo na ya maji yake. Makala nyingi za miaka iliyofuata, hususan zinazohusu RNA za mviringo, zimeendelea kuitumia sitiari bila kulitimiza sharti.

4.0 Damu kama shahidi

Kwa kuwa ni vigumu kumwomba mtu mwenye afya kipande cha msuli wake, watafiti wengi wamegeukia damu. Maikro-RNA hupatikana katika plazima, na zinastahimili kiasi cha kuweza kupimwa. Utafiti wa Zampetaki na wenzake (2010), uliotumia sampuli za wakazi wa Bruneck, kaskazini mwa Italia, ulieleza kupungua kwa miR-126 na maikro-RNA nyingine kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Tangu hapo matumaini ya kubashiri kisukari kwa tone la damu yameenea, na ni hapa ambapo mshauri wa sera huenda akashawishika kwa urahisi zaidi: kipimo kimoja, mashine moja, jibu moja.

Munuki inauliza swali ambalo Bruneck haikulazimika kuliuliza. Seli nyekundu za damu zimejaa maikro-RNA zake, hasa miR-451 na miR-16. Zikivunjika, iwe ndani ya mshipa au ndani ya bomba la sampuli, yaliyomo humwagika katika plazima na kubadilisha picha yote. Mahali ambapo malaria huvunja seli hizo kila msimu, kipimo cha plazima huweza kueleza historia ya homa ya mtu badala ya hali ya misuli yake.

Suala la selimundu linaongeza utata. LaMonte na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba seli nyekundu zenye himoglobini ya selimundu zina wingi wa miR-451 na let-7i, na kwamba maikro-RNA hizo huingia ndani ya vimelea vya malaria na kuzuia utengenezaji wa protini zao. Msomaji azingatie jina la pili: let-7i ni wa ukoo uleule unaodaiwa kuzuia njia ya insulini misulini. Mtu mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu, aliye mzima kabisa, anaweza kuonyesha let-7 nyingi katika sampuli iliyoharibika kidogo, akaandikwa kuwa yumo hatarini kupata kisukari. Kinga yake ya kurithi itakuwa imesomwa kama ugonjwa.

Onyo hili si la kubuni. Limekwisha kujitokeza katika kipimo cha zamani zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipokubali mwaka 2011 kipimo cha himoglobini iliyoshikana na glukosi, HbA1c, kitumike kugundua kisukari, liliweka sharti kwamba pasiwepo hali zinazoathiri usahihi wake. Utafiti wa jenomu nchini Uganda, uliojengwa juu ya jamii ya Kyamulibwa na kuchapishwa na Gurdasani na wenzake mwaka 2019, ulionyesha kwamba badiliko la jeni linalosababisha talasemia ya alfa, lililoenea Afrika kwa sababu ya malaria, hubadilisha usomaji wa HbA1c. Kama kipimo kilichozoeleka kinayumba hivi, kipimo kipya kinachotegemea damu hiyohiyo hakistahili kuaminiwa kabla ya kupimwa katika mazingira yetu.

5.0 Panya aliyenoneshwa na mtoto wa njaa

Uhakiki mzito zaidi unahusu kielelezo. Panya wa Dallas walipata ukinzani kwa insulini kwa sababu ya kula kupita kiasi. Wagonjwa wa aina ya pili waliotoa misuli yao katika tafiti za nchi tajiri, kwa sehemu kubwa, ni watu wenye uzito mkubwa. Maandiko yamechukua hali hiyo kuwa ndiyo kisukari. Lakini je, wembamba wanaougua wako wapi katika hadithi hii?

Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilitambua kisukari kinachohusiana na utapiamlo kuwa kundi linalojitegemea. Mwaka 1999 likaliondoa kwa hoja kwamba ushahidi haukutosha. Mwaka 2022 Lontchi-Yimagou na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa Vellore, India, walitumia klampi kwa wanaume wembamba wenye kisukari. Walikuta kasoro yao kuu ni uhaba wa insulini. Misuli yao ilichukua glukosi vizuri kuliko ya wagonjwa wa aina ya pili. Aprili 2025, katika mkutano wake wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliyapa maradhi haya jina la kisukari cha aina ya tano. Mwaka huohuo utafiti wa YODA, uliohusisha Kamerun, Uganda na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya vijana walioandikwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza hawakuwa na kingamwili zinazotambulisha aina hiyo.

Mambo haya yanailazimisha nadharia ya H19 kujibu swali gumu. Ikiwa mgonjwa mwembamba wa Munuki anafanana na yule wa Vellore, basi misuli yake haina ukinzani mkubwa wa kuelezwa. Maelezo kuhusu let-7 yatakuwa sahihi, lakini kwa ugonjwa wa mtu mwingine. Madhara yake si ya kinadharia. Kumwambia mtu aliyekonda apunguze kula, au kumpa dawa zilizokusudiwa kuondoa ukinzani huku akikosa insulini, ni kumdhuru kwa jina la mwongozo.

Hata hivyo uadilifu wa uhakiki unadai tuione pia njia inayoelekea upande mwingine. H19 hukaa kwenye kromosomu ya 11, jirani na IGF2, na jeni hizi mbili hudhibitiwa pamoja na alama za methili zinazowekwa mapema mno katika maisha. Heijmans na wenzake (2008) waliwachunguza Waholanzi waliotungwa mimba wakati wa njaa ya 1944 hadi 1945. Miongo sita baadaye, alama za methili katika eneo la IGF2 zilikuwa pungufu zikilinganishwa na za ndugu zao wasiopitia njaa. Hult na wenzake (2010), Enugu, Nigeria, waliwakuta watu waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa ya Biafra wakiwa na hatari zaidi ya shinikizo la damu na ya kushindwa kudhibiti glukosi. Lumey na wenzake (2024) walieleza kwamba Waukraine waliokuwa katika miezi ya mwanzo ya mimba wakati wa njaa ya 1932 hadi 1933 walikuwa na uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili unaozidi mara mbili.

Ushawishi wa kuunganisha vipande hivi ni mkubwa: njaa hubadilisha alama, alama hubadilisha H19, H19 hubadilisha misuli. Makala hii inaonya dhidi ya kuifunga minyororo hiyo mapema. Alama za Waholanzi zilipimwa katika damu, si misulini. Tofauti ilikuwa ya asilimia chache. Tena njaa ile ilikuwa na mwanzo na mwisho, kwa watu waliokula vizuri kabla na baada yake. Sudan Kusini haina utulivu huo. Njaa ya Bahr el Ghazal ya 1998, na ile iliyotangazwa Februari 2017 katika kaunti za Leer na Mayendit, ni vilele vya mlima ambao miteremko yake ni msimu wa ukosefu wa chakula unaorudi kila mwaka. Mtafiti atakayeigawa jamii ya Munuki katika makundi mawili, waliopata njaa na wasiopata, atakuwa ameleta kalenda ya Uholanzi mahali isipotumika.

6.0 Suala la istilahi

Katika kongamano la Kiswahili haifai kuliacha suala la maneno, kwa kuwa neno baya huzaa ushauri mbaya. Istilahi ya ukinzani wa insulini, iliyozoeleka, ina utata wa kisarufi: msomaji anaweza kudhani insulini ndiyo inayokinza. Makala hii inapendekeza ukinzani kwa insulini, ili ijulikane kwamba mwili ndio unaokinza. Neno usugu libaki kwa vimelea na dawa, ambako limekwisha kukita mizizi.

RNA zisizosimba protini ni jina linalozitaja kwa kile zisichofanya. Wengine hupendelea RNA dhibiti. Pendekezo hilo ni zuri kwa maikro-RNA na kwa nyingi ndefu, ila haliwezi kuchukua nafasi ya jina la kwanza, maana RNA za ribosomu na zile za usafirishaji hazisimbi protini na kazi yao ya msingi si kudhibiti jeni. Maneno yote mawili yatumike, kila moja kwa mpaka wake.

Neno kisukari lenyewe, kama ilivyo kwa jina la Kiarabu linalotokana na sukari, huelekeza macho kwenye kikombe cha chai na kuyaondoa kwenye misuli, kongosho na historia ya lishe. Haliwezi kubadilishwa, wala halihitaji. Lakini nyaraka za afya zitakazoandikwa kwa Kiswahili nchini Sudan Kusini, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, zina fursa ambayo nchi nyingine hazikuwa nayo: kuzitaja aina za kisukari kwa chanzo chake, uhaba wa insulini au ukinzani kwa insulini, badala ya kurithi namba tupu. Muuguzi anayejua chanzo hujua pia ni ushauri upi asiutoe.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu haujakanusha kwamba RNA zisizosimba protini zina nafasi katika kimetaboliki ya misuli. Ushahidi wa panya kuhusu let-7 ni imara, na ule wa H19 unastahili kufuatiliwa. Kilichokataliwa ni kuruka kutoka panya hadi sera bila kupita kwa mgonjwa.

Mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, utafiti wowote wa maikro-RNA katika damu unaofanywa katika maeneo ya malaria upime uvunjikaji wa seli nyekundu katika kila sampuli, na uripoti hali ya selimundu ya kila mshiriki. Kamati za maadili za nchi zetu zilifanye hili kuwa sharti la kibali. Pili, kabla ya kutafuta RNA misulini, ipimwe peptidi-C, kipimo cha bei nafuu zaidi kinachoonyesha kama kongosho bado linazalisha insulini. Bila jibu hilo, hatujui ni ugonjwa upi tunaoutafutia molekuli. Tatu, uzito wa kuzaliwa na mwezi wa kuzaliwa viandikwe na kuhifadhiwa katika vituo vya afya vya Munuki na kwingineko. Watoto waliotungwa mimba katika njaa ya 2017 bado ni wadogo; daftari likitunzwa leo, litajibu baadaye swali ambalo hakuna mashine ya kupimia RNA inayoweza kulijibu peke yake. Nne, sampuli zinazosafirishwa nje ziende na mkataba unaowapa watafiti wa Juba haki ya kuzichambua na kuandika, kwa kuwa maswali yaliyoulizwa hapa yametokana na kuijua jamii, na maabara ya mbali haiwezi kuyauliza kwa niaba yake.

Daftari la uzito wa watoto lina gharama ndogo kuliko yote yaliyotajwa. Kwa sababu hiyo makala inashauri lianze hilo.